Mwaka wa Nuru Si Muda: Somo Kutoka Ufuko wa Rusinga

Yako maswali ambayo mtoto huyauliza darasani, wenzake wakaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka, kumbe aliyestahili kuchekwa si mtoto. Swali la aina hiyo nilikutana nalo kisiwani Rusinga mwishoni mwa Novemba 2024, na hadi leo halijanitoka moyoni. Nimeona heri nilifikishe kwa walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, kwa kuwa linatuhusu sote: wenye kufundisha sayansi, wenye kufundisha lugha, na wenye kufundishwa.

Nilikuwa nimekwenda Rusinga kwa shughuli za taaluma yangu ya isimu, kuwasikiliza wazee wachache waliosalia ambao bado wanakizungumza Kisuba, lugha ya Kibantu ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikimezwa na Kijaluo. Jioni moja mwenyeji wangu, mama anayeuza omena, alinikaribisha tukae ufukoni tupunge upepo. Usiku ulikuwa wa giza totoro, na mbalamwezi haikuwapo. Usiku kama huo ndio wavuvi wa omena wanaoupenda, maana samaki hao wadogo hufuata mwanga, na mwezi ukiwapo hushindana na taa za wavuvi. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi zinatumia betri na nishati ya jua. Zilikuwa zimetapakaa ziwani kote, na juu yake nyota zilikuwa zimetapakaa vivyo hivyo, hata mgeni angeweza kushindwa kutambua maji yanaishia wapi na mbingu zinaanzia wapi.

Binti wa mama huyo, aliyekuwa likizoni baada ya kumaliza kidato cha pili, alikuwa nasi. Aliposikia kuwa mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Mwalimu, mwaka unakuwaje umbali?”

Nilimtaka anifafanulie. Akanisimulia kwamba katika chama cha sayansi shuleni kwao, waliambiwa kuwa nyota fulani iko mbali kwa miaka kadhaa ya nuru. Aliponyosha mkono na kuuliza swali hilo, wenzake walicheka, naye akaambiwa akariri tu, asiwapotezee wengine wakati. Baadaye likaja jaribio: nyota iitwayo Aldebaran iko umbali wa parseki 20, badilisha umbali huo uwe miaka ya nuru. Alikuwa amepewa kwamba parseki moja ni miaka ya nuru 3.26. Akachukua 20, akaigawanya kwa 3.26, akapata 6.13. Akawekewa alama ya mkasi. Mwaka uliofuata alitarajiwa kuchagua masomo atakayoendelea nayo hadi kidato cha nne, na tayari alikuwa amekata shauri.

“Fizikia ina wenyewe,” alisema.

Maneno hayo yalinichoma. Jibu lake halikuwa sahihi, hilo halina ubishi. Lakini kosa lake halikuanzia kwenye hesabu. Lilianzia kwenye neno, na maneno ndiyo kazi yangu.

Tulihesabu hivyo tangu zamani

Tuanze na swali lenyewe. Je, ni ajabu kuupima umbali kwa muda? Hata kidogo. Ukimwuliza mvuvi wa Rusinga kisiwa cha Mfangano kiko mbali kiasi gani, aghalabu atakutajia urefu wa safari kwa mashua, wala hatakutajia kilomita. Wazee wetu walisema mahali fulani ni mwendo wa siku tatu, na kila aliyesikia alielewa kuwa siku hizo tatu zinataja njia, hazitaji kalenda. Misafara iliyotoka Pwani kwenda bara ilihesabiwa hivyo hivyo.

Manahodha wa Bahari ya Hindi walilifanya jambo hili kuwa kipimo rasmi. Katika maandishi ya Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa karne ya 15, limo neno la Kiarabu zam. Maana yake ni kipindi cha saa tatu, na pia ni umbali ambao jahazi hukata katika saa hizo tatu. Neno moja lilibeba muda na masafa kwa pamoja, na mabaharia hawakuchanganyikiwa. Neno hilo lina undugu na zamu yetu, ile ile tunayoitaja kila wiki tunaposema mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu anayepita mabwenini na tochi usiku anabeba, bila kujua, kipimo cha kale cha umbali wa baharini.

Mwaka wa nuru umejengwa kwa desturi hiyo hiyo. Ni mwendo ambao nuru huukata kwa mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba jahazi hutegemea upepo, ilhali nuru ikisafiri mahali patupu haina kusi wala kaskazi. Mwendo wake ni mita 299,792,458 kwa sekunde, na tangu mwaka 1983 tarakimu hiyo ndiyo inayotumiwa kufasili mita yenyewe. Kwa hiyo mwaka wa nuru ni zam isiyobadilika.

Tatizo ni kwamba tulipolitafsiri jina tuliliangusha neno muhimu, nalo ni mwendo. Tukasema mwaka wa nuru, au mwakanuru, au mwaka wa mwanga, na kichwa cha fungu hilo la maneno kikawa mwaka. Katika sarufi ya Kiswahili, kichwa ndicho kinachotawala maana: kikombe cha chai ni kikombe, na mwaka wa njaa ni mwaka. Mtoto anayeijua lugha yake vizuri ana haki ya kudhani kuwa mwaka wa nuru nao ni mwaka. Nimewahi kumsikia mtangazaji, mtu mzima na msomi, akisema jambo fulani lilitokea “miaka mingi ya nuru iliyopita”. Basi tumlaumuje msichana wa kidato cha pili?

Naye alidhani hivyo hivyo. Alidhani parseki ni umbali na mwaka wa nuru ni muda. Sasa fikiri, msomaji: ukiamini kuwa kimoja ni umbali na kingine ni muda, utajuaje kipi ni kikubwa? Debe na saa, kipi kikubwa? Swali halina jibu. Asiye na jibu hukisia, naye alikisia kugawanya.

Vizio vitatu na kazi zake

Elimu ya falaki, ambayo tusiichanganye na unajimu wa watabiri, hutumia vizio vitatu vikuu vya umbali. Kila kimoja kina kazi yake, kama vile fundi cherehani hatumii futikamba ya kupimia shamba.

Cha kwanza ni kizio astronomia. Asili yake ni umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua. Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulikikazia kuwa mita 149,597,870,700 kamili, yaani karibu kilomita milioni 150. Nuru hupita masafa hayo kwa dakika 8 na sekunde zipatazo 19. Kizio hiki ni cha nyumbani, cha kupimia sayari zinazolizunguka Jua.

Cha pili ni huo mwaka wa nuru. Ukizidisha mwendo wa nuru kwa sekunde zote za mwaka utapata kilomita trilioni 9.46, na trilioni ni milioni mara milioni. Kwa kizio cha kwanza, ni vizio astronomia 63,241.

Cha tatu ni parseki, na hiki ndicho wanafunzi wanachokiogopa zaidi, pengine kwa sababu jina lake halina mzizi wanaoujua. Nyosha kidole mbele ya uso, ukitazame kwa jicho moja, kisha kwa jicho jingine. Kidole kitaonekana kuhama mbele ya ukuta. Kuhama huko huitwa paralaksi. Dunia nayo ikizunguka Jua hutuhamisha kutoka upande mmoja hadi mwingine, na nyota za karibu huonekana kuhama kidogo mno mbele ya zile za mbali. Duara lina digrii 360. Kila digrii ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Angalia lugha inavyotuchezea tena: dakika na sekunde hizi si za saa, ni vipande vya pembe. Nyota ambayo paralaksi yake, kwa msingi wa kizio astronomia kimoja, ni sekunde moja ya pembe, husemwa kuwa iko umbali wa parseki moja. Jina lilipendekezwa na Mwingereza Herbert Hall Turner mwaka 1913, kwa kuunganisha silabi za paralaksi na sekunde. Parseki moja ni sawa na vizio astronomia 206,265, au miaka ya nuru 3.26, au kilomita trilioni 30.86.

Uzuri wa parseki ni wepesi wake kwa anayepima. Gawanya 1 kwa pembe uliyoipima, umepata umbali. Paralaksi ya Aldebaran ni sehemu 0.05 ya sekunde; 1 gawanya kwa 0.05 ni 20. Basi, parseki 20. Ndiyo maana wataalamu huandika parseki katika majarida yao, nasi wasomaji wa magazeti tunapewa miaka ya nuru, na mwanafunzi aliye katikati analazimika kuvuka kutoka huku hadi kule.

Mama na gorogoro

Nilikuwa nikimweleza binti haya, nikianza kurefusha maneno kama ilivyo ada ya sisi wahadhiri, mama yake akaingilia. Alikuwa amesikiliza muda wote bila kusema.

“Hicho kikubwa ni kipi?” alimwuliza bintiye.

“Parseki.”

“Na kidogo?”

“Huo mwaka wa nuru.”

“Sasa mbona uligawanya? Mimi nikipima debe langu kwa gorogoro, hesabu inazidi. Omena hawazidi.”

Binti alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Akachukua kijiti, akaandika mchangani kwa mwanga wa simu: 20 mara 3.26. Akapata 65.2.

Sijawahi kusikia kanuni ya kubadilisha vizio ikielezwa vizuri kuliko hivyo. Ukitoka kwenye kizio kikubwa kwenda kidogo, tarakimu huongezeka. Ukitoka kwenye kidogo kwenda kikubwa, tarakimu hupungua. Kinachopimwa hubaki vile vile. Kila mama wa sokoni anaijua. Mtoto wake pia aliijua, kwa kuwa amemsaidia kupima omena tangu utotoni. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kuwa parseki na mwaka wa nuru ni debe na gorogoro, kwamba vyote viwili vinapima kitu kile kile.

Majirani wasio majirani

Usiku ule mbingu zenyewe zilitupa mfano. Upande wa kaskazini-mashariki kulikuwa na vitu vitatu vilivyoonekana kukaa pamoja kama wanakijiji. Cha kwanza kilikuwa Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake linatokana na kulima, na ambacho wahenga walikitumia kujua majira, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Cha pili kilikuwa Aldebaran yenyewe, nyota yenye wekundu kidogo. Jina lake ni la Kiarabu na maana yake ni mfuasi, kwa kuwa hukifuata Kilimia angani usiku kucha. Cha tatu, kilichong’aa kuliko vyote, kilikuwa sayari ya Mushtari, ambayo majira yale ilikuwa imekaribia Dunia.

Mushtari ilikuwa umbali wa kama vizio astronomia 4.1, na nuru yake ilitufikia kwa dakika 34. Aldebaran iko parseki 20, yaani miaka ya nuru 65. Nuru tuliyoiona usiku ule iliondoka huko mnamo 1959 au karibu na hapo. Mwaka huo, mwezi Septemba, ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 iliondoka Kenya kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko papo hapo Rusinga. Kilimia nacho kiko parseki zipatazo 136. Zidisha kwa 3.26, utapata miaka ya nuru 443. Nuru hiyo ilianza safari takriban miaka kumi kabla Wareno hawajaanza kuijenga Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1593.

Vitu vitatu, pembe moja ya mbingu, na kila kimoja kinadai kizio chake. Ukimpa Mushtari parseki utaandika sufuri hadi uchoke. Ukikipa Kilimia kilomita utaandika tarakimu hadi karatasi iishe. Taa za ziwani nazo zilikuwa hivyo hivyo: mbili zilizoonekana kugusana, moja ilikuwa ya mashua iliyo karibu, nyingine ya mashua iliyo mbali sana.

Rula kwenye daraja la Mbita

Binti akaniuliza kama kuna njia ya kuviona vizio hivi kwa macho. Nilimwambia ipo, na kisiwa chake kinatosha. Tuchukulie kuwa kizio astronomia kimoja ni sentimita moja. Weka rula ya shule, ile ya sentimita 30, kwenye daraja la Mbita linalounganisha Rusinga na bara, na mwanzo wa rula uwe Jua. Jua lenyewe litakuwa nukta yenye upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Dunia itakuwa kwenye alama ya sentimita 1. Neptuni, sayari ya mwisho, itakuwa kwenye alama ya 30. Sayari zote za Jua zimo ndani ya rula moja.

Sasa anza kutembea. Mwaka mmoja wa nuru ni mita 632. Parseki moja ni kilomita 2 na mita 60 hivi. Nyota ya Alfa Kentauri, jirani ya Jua inayoonekana vizuri kusini mwa mbingu za Rusinga jioni za Juni, iko umbali wa miaka ya nuru 4.37, hiyo ni kilomita 2.76, mwendo wa nusu saa na ushei kwa miguu. Ukikiambaa kisiwa kutoka ncha hadi ncha, kilomita zipatazo 16, utakuwa umepita kama miaka ya nuru 25, au parseki 7.7, na huo ndio umbali wa nyota iitwayo Fomalhaut. Jina hilo nalo ni la Kiarabu, fam al-hut, maana yake mdomo wa samaki. Aldebaran itakuwa kilomita 41 kutoka darajani. Kilimia kitakuwa kilomita 280, karibu kufika Nairobi kwa mstari ulionyooka.

Na paralaksi je? Simama kilomita mbili na ushei kutoka darajani, ujaribu kuuona upana wa sentimita moja ya ile rula. Pembe hiyo ndiyo sekunde moja. Friedrich Bessel aliipima pembe iliyo ndogo kuliko hiyo mwaka 1838, akawa wa kwanza kutangaza umbali wa nyota unaoaminika.

Umbali ukikosewa

Huenda mwanafunzi akauliza: kwani hasara gani nyota ikisogezwa mbele au nyuma kidogo? Hasara ipo. Chombo cha Ulaya kilichoitwa Hipparcos, kilichofanya kazi kati ya 1989 na 1993, kilikiweka Kilimia kwenye umbali wa takriban parseki 120. Njia nyingine zilisema zaidi ya 130. Tofauti ya parseki 16 ni miaka ya nuru 52, na mabishano yakaendelea miaka mingi, kwa sababu nyota za Kilimia ni kipimo ambacho nyota nyingine hulinganishwa nacho. Chombo kilichofuata, Gaia, kilichorushwa Desemba 2013 na kukamilisha upimaji Januari 2025, kilitoa parseki zipatazo 136, na mizani ikaelemea upande huo.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya iliadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Miongoni mwa vitu ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, ambacho baadaye kilikubaliwa kuwa shimo jeusi. Mwaka 2011 umbali wake ulikadiriwa kuwa kiloparseki 1.86, yaani miaka ya nuru kama 6,060. Mwaka 2021 vipimo vipya vikatoa kiloparseki 2.22, yaani miaka ya nuru 7,240. Umbali ulipoongezeka, uzito wa shimo hilo nao ulibidi uhesabiwe upya: kutoka takriban mara 15 ya uzito wa Jua hadi mara 21. Kitu chenyewe hakikuwa kimebadilika hata chembe. Aliyekosea umbali alikuwa amekosea na uzito.

Kwa nini jina tusilitupe

Mtu anaweza kusema: kama jina linapotosha, tulifute tutafute jingine. Mimi sioni hivyo. Jina hili lina ukarimu ambao parseki haina, maana kwa tarakimu ile ile hukupa umbali na muda wa safari. Rusinga yenyewe yatufundisha. Oktoba 1948 Mary Leakey alipata kisiwani humo fuvu la kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Kwa muda mrefu kiliitwa Proconsul. Mwaka 2015 wataalamu wakakipa jina jipya la jenasi, Ekembo, lenye asili ya Kisuba. Lugha inayokaribia kunyamaza kisiwani imepata nafasi katika vitabu vya dunia.

Nuru iliyoondoka kwenye galaksi fulani siku za uhai wa Ekembo, na kutufikia leo, imesafiri miaka ya nuru milioni 18. Gawanya kwa 3.26, kwa kuwa sasa tunatoka kwenye kidogo kwenda kikubwa, utapata megaparseki 5.5. Tarakimu hiyo ya pili ni sahihi, lakini haikwambii lolote kuhusu Ekembo. Ile ya kwanza inakwambia. Kwenye kielelezo chetu cha rula, umbali huo ungekuwa kilomita milioni 11.4, takriban mara 30 ya umbali wa Mwezi. Hapo kisiwa kimetushinda, na sentimita yetu imetushinda, ndipo mtu aone kwa nini vizio vikubwa vilibuniwa.

Kwa hiyo jina na libaki, ila lifundishwe. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kazi hiyo ilikuwa ya kishujaa. Lakini istilahi ni mlango tu. Lazima pawe na mtu wa kumkaribisha mtoto ndani. Nawasihi walimu wenzangu mambo manne. Mara ya kwanza mnapolitaja jina hili, semeni kwa ukamilifu: mwendo wa mwaka mmoja wa nuru. Kabla mwanafunzi hajazidisha wala kugawanya, mwulizeni swali la yule mama: kikubwa ni kipi? Mwacheni aandike jina la kizio kwenye kila mstari wa hesabu, maana tarakimu bila kizio ni kama jina bila ukoo. Na mtoto akiuliza mwaka unakuwaje umbali, msicheke. Ameuliza swali la isimu katikati ya somo la sayansi, na ametambua jambo ambalo watu wazima wengi wamelipita bila kuliona.

Januari 2025 nilipata ujumbe kutoka kwenye simu ya mama yule. Binti na wenzake wanne walikuwa wamekwenda na rula darajani, wakatembea hadi Alfa Kentauri na kurudi. Alikuwa na sahihisho kwangu: “Mwalimu, kisiwa umekinyosha. Barabara inapinda, kwa hiyo anayetembea humaliza kilomita za Fomalhaut kabla hajafika mwisho.”

Alikuwa amesema kweli, na nilimjibu hivyo. Sikumwuliza kuhusu uchaguzi wa masomo. Mama yake ndiye aliyenidokezea baadaye kwamba Fizikia imo katika orodha.